Zoezi la Nne

Rula ya ubaoni ina urefu wa mita moja, na ubaridi wake naujua kuliko msichana yeyote wa kidato cha tatu, kwa sababu niliwekewa mgongoni mbele ya wasichana mia nne.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mstarini. Makamu mkuu wa shule, ambaye tangu enzi za dada zetu anaitwa Rula kwa jinsi anavyosimama, alikuwa anahutubia kuhusu nidhamu ya mwili, na alihitaji mfano. Mwaka ule mimi nilikuwa nimerefuka ghafla, nikawapita wenzangu kwa kichwa kizima, na nilikuwa nimejizoeza kuinama kidogo ili nisionekane kama mlingoti. Kuinama kidogo kukazaa kuinama sana, kama uongo unavyozaana. Rula akaniita jukwaani, akanigeuza ubavu, akaisimamisha ile rula mgongoni. Ikagusa mabega, kisogo kikabaki mbali huko mbele peke yake. Akapitisha vidole kwenye mwanya.

"Vinne," akatangaza. "Vidole vinne vinapita. Samaki mkunje angali mbichi, wasichana. Huyu ameshakauka. Mkikosa pa kutundika sweta zenu, kulabu hii hapa."

Wakacheka wote. Walimu nao walicheka, ila kwa adabu, mikono mdomoni. Mpaka kengele ya mapumziko inalia nilikuwa nimeshabatizwa Kulabu, na kufikia saa ya chakula nilikuwa nimetundikiwa sweta ya kwanza. Ukawa ndio mchezo wa shule. Nimeinama bombani napiga mswaki, sweta inatua mgongoni. Nimeinama kufunga kamba ya kiatu, sweta mbili. Hata mpishi, ambaye kwa miaka mitatu hakuwahi kujua jina langu, hilo alilijua siku ile ile.

Sikulia. Naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba sikulia. Nilikwenda nyuma ya stoo ya majembe, nikaweka mkono juu ya daftari la hesabu, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu, nikaapa kwamba nitanyooka, na nikishanyooka nitamkunja yeye, mbele ya macho yale yale mia nane.

Kwa bahati njema nina mjomba. Mjomba wangu, kaka yake mama, ni mtaalamu wa viungo katika hospitali ya mji wetu, yule ambaye wagonjwa wanamwita daktari wa mazoezi. Chumba chake kiko mwisho wa korido, baada ya chumba cha picha za mifupa. Kina magodoro membamba sakafuni, mpira mkubwa wa kijani, kioo kirefu chenye ufa, vyuma viwili sambamba vya kushikilia wanaojifunza kutembea upya, na mifupa ya plastiki iliyovaa kofia ya mjomba. Kinanuka dawa ya kuchua na soksi. Likizo ilipofika nikaingia humo kama mtu anayeingia kituo cha polisi kushtaki.

Mjomba alinisimamisha, akanizunguka mara mbili, akabonyeza hapa na pale.

"Mifupa yako mizima, mpwa wangu," alisema. "Misuli ya mgongo imelala usingizi, na ya kifua imejikaza kama mkono wa bahili. Tutaiamsha ile, tutailegeza hii."

"Dawa yake nini?"

"Ukuta."

Nilidhani ananitania. Utani katika ukoo wetu ni wangu, lakini nilijua nimeurithi kwa nani. Kumbe hakuwa anatania. Nilisimama ukutani, makalio yamegusa, mabega yamegusa, kidevu nimekivuta ndani kama mtu aliyenusa maziwa yaliyochacha, nikajaribu kufikisha kisogo ukutani. Hakikufika. Mjomba akapima pengo kwa vidole. Vinne. Vidole vilikuwa vya mtu mwingine, ila hesabu ilikuwa ile ile, na nikaona moto ukipita machoni.

Basi nikafanya kazi. Ukuta, mikono ikipanda na kushuka bila kubanduka. Kamba ya mpira iliyofungwa kwenye kitasa, naivuta hadi mbavuni. Daraja, yaani kulala chali na kuinua kiuno. Kila zoezi mara kumi na mbili, kisha pumzi, kisha tena. Wagonjwa wengine walikuwa wanahesabu moja, mbili, tatu. Mimi nilikuwa nahesabu Rula, Rula, Rula.

"Una bidii isiyo ya kawaida," mjomba aliniambia siku moja. "Nani anakusukuma?"

"Afya, mjomba."

"Hm," alisema mjomba.

Shule ilipofunguliwa niliendelea nyuma ya stoo ya majembe, alfajiri, huku sweta zikiendelea kutua juu yangu mchana kutwa. Sikuzipangusa tena kwa hasira. Nilizikunja vizuri nikazirudisha kwa wenyewe, jambo lililowatia wasiwasi kidogo. Vidole vikawa vitatu. Likizo iliyofuata vikawa viwili, kisha kimoja. Mwezi wa saba wa mazoezi, asubuhi moja chumbani kwa mjomba, kisogo kiligusa ukuta bila mimi kukilazimisha, na nilisikia ubaridi wa rangi ya mafuta kwenye nywele. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Imebaki kuhitimu," alisema mjomba.

Hapa inabidi nieleze taratibu mbili za chumba kile, maana bila hizo nisingekuwa mkosaji.

Ya kwanza: kwa mjomba hakuna anayeruhusiwa kuondoka kwa kupona tu. Lazima kwanza amfundishe mgonjwa mpya mmoja mazoezi, kama alivyofundishwa yeye. Mjomba anaamini zoezi hulijui mpaka umelipitisha kwa mwenzako. Anakaa mezani anakutazama, akiridhika anakugongea muhuri wa kuhitimu.

Ya pili: mazoezi ya mgonjwa huandikwa kwenye kadi, na kadi lazima iwe na muhuri wa idara. Lakini wagonjwa wakijaa, kugonga muhuri mmoja mmoja kunachosha. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla hajavua koti, mjomba anagonga muhuri rundo zima la kadi tupu. Mazoezi yanaandikwa baadaye, juu ya muhuri uliokwishakauka.

Nilikuwa nimeshika kadi moja ya namna hiyo mlango ulipofunguliwa, akaingia mgonjwa wangu mpya, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukutani, amepinda kama mtu anayetafuta sindano.

Alikuwa Rula.

Alikuwa ameinua sanduku la karatasi za mtihani, mjomba alinieleza kwa sauti ya chini, na kiuno kikagoma katikati ya safari. Mjomba hakujua ni nani kwangu. Nami sikuona sababu ya kumchosha na habari zisizo za kitabibu.

"Shikamoo, Mwalimu."

Rula aliinua kichwa kwa shida. Ilibidi anitazame kutoka chini, na macho yake yalichukua muda kufika juu nilikokuwa.

"Marahaba. Kumbe ni wewe." Akatupia jicho mlango. "Wanaohusika na habari hii ni mimi na daktari tu. Tumeelewana?"

"Siri ya mgonjwa, Mwalimu. Tafadhali lala chali."

Sitasema uongo, nilimfundisha vizuri. Mazoezi matatu ya kweli kama mjomba alivyoyaagiza kwenye fomu yake: kuvuta magoti kifuani moja moja, daraja taratibu, kisha kuinuka kwa kupitia ubavu, siyo kujivuta kama anayeamka ndotoni. Nilimshika kisigino nilipotakiwa kushika, nikamwambia pumua nilipotakiwa kumwambia. Mama huyu, aliyekuwa hajawahi kuniona ila kwa ubavu, alikuwa amelala kwenye godoro lenye alama za soksi za watu, jasho linamtoka kwenye paji la uso, ananitii. Nilikuwa karibu kabisa kuridhika. Nilifikiria hata kusamehe, jinsi mtu anavyofikiria kununua kitu kwa kukitazama tu dirishani.

"Nilikuwa na mgongo kama wako," alisema ghafla, macho darini. "Umri wako huo huo. Mama yangu alikuwa ananifunga ubao mgongoni wakati wa kula."

Kalamu ilikuwa mkononi, mazoezi matatu yapo kwenye kadi, na moyo, nakiri, ulikuwa unalainika.

"Naona na wewe umenyooka," akaendelea. Akatabasamu, mara ya kwanza kwa miaka mitatu. "Nilijua tu. Nilijua ile rula itakusaidia."

Miezi saba ya ukuta. Sweta mia moja na kumi na tisa, maana nilikuwa nazihesabu. Na sifa zake zote zimekwenda kwa kipande cha mbao.

Mjomba alikuwa ameitwa kwenye vyuma sambamba, kwa mzee mmoja aliyepooza upande wa kushoto, aliyekuwa anapiga hatua yake ya kwanza bila kushikwa. Alinipa mgongo. Nikaandika kwenye kadi, kwa mwandiko wangu wa mtihani: *Zoezi la nne. Mwendo wa kufungua pingili za mgongo.*

"Limebaki moja, Mwalimu. Hili ni la kusimama."

Nilikuwa nimechagua kwa uangalifu kitu kisichoweza kumvunja mtu chochote isipokuwa heshima. Magoti unayakunja kidogo tu. Mikono kiunoni, viwiko vinapepea. Kichwa kinakwenda mbele, kinarudi. Unatembea hatua ishirini, unatikisa kiuno kwa raha zako, na kila hatua unatoa pumzi kwa sauti: kwaa.

Nilimwonyesha. Nilitembea kutoka kwenye mpira wa kijani hadi kwenye mifupa ya plastiki na kurudi, uso wangu umekauka kama wa hakimu.

Rula alinitazama kwa makini.

"Hiyo sauti ni ya lazima?"

"Hewa isipotoka kwa sauti, Mwalimu, inabaki kwenye pingili."

"Kwaa," alisema Rula, kwa kujaribu.

"Kwa kina zaidi. Kutoka kiunoni."

"Kwaa."

Akaichukua kadi, akaisoma kuanzia juu hadi chini. Nilijua anatafuta nini. Huyu ndiye aliyewahi kuikataa barua ya mama yangu ya kuniombea ruhusa ya kwenda mazishini mpaka ipigwe muhuri, mama akaenda kuugonga kwa fundi wa redio. Kidole chake kikafika kwenye muhuri wa idara, wa zambarau, umekaa vizuri. Uso ukatulia.

"Saa ngapi?"

"Alfajiri, nje, penye hewa safi. Kabla ya kula chochote."

Nyumba ya Rula inatazamana na madirisha ya bweni letu. Hilo sikuliandika kwenye kadi.

Mjomba aliporudi alimwona mgonjwa wangu anainuka kwa kupitia ubavu, sawasawa kabisa, bila kuguna. Akaridhika. Akanigongea muhuri wa kuhitimu, akaniambia nimemfurahisha.

Shule ilipofunguliwa nilimweleza mtu mmoja tu, jirani yangu wa kitanda, ambaye anaitwa Redio. Mwenye akili ataelewa kwamba kumweleza Redio ni sawa na kubandika tangazo. Alfajiri ya siku ya kwanza tulikuwa madirishani, wasichana sitini, blanketi mabegani, pua kwenye vioo. Mlango wa nyumba ya makamu ukafunguliwa. Akatoka amevaa kanga na raba. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akakunja magoti kidogo tu.

"Kwaa," ilisikika kutoka uani.

Sitaweza kueleza. Watu walitafuna mito. Mmoja alianguka kutoka kitanda cha juu na hakuumia, kwa sababu alikuwa bado anacheka. Hatua ishirini kwenda, akageuka kwa heshima zake zote, hatua ishirini kurudi, viwiko vinapepea. Kabla ya chai shule nzima ilikuwa inamwita Bata. Na mimi siku ile sikutundikiwa hata sweta moja. Nilipita korido nimenyooka, watu wakanipisha, na Redio akatembea mbele yangu akitangaza: "Huyu ndiye aliyemzaa yule bata."

Nilitawala siku tatu. Wafalme wengine hawakupata hata hizo.

Siku ya nne Rula alipanda jukwaani bila kuweka mkono kiunoni.

"Wasichana," alisema, "mwezi uliopita nilikuwa siwezi kuinua hata chaki. Leo nimebeba ndoo ya maji." Akatoa mfukoni kadi ambayo niliijua kwa rangi yake. "Kuna mazoezi ya hospitali hapa, yana muhuri. Matatu ya kwanza yanahitaji magodoro, na magodoro ya mazoezi hatuna. La nne halihitaji kitu. Kuanzia leo, kila asubuhi, kabla ya chai, shule nzima."

Kisha vichwa mia nne vikaanza kugeuka, polepole, kunitafuta, na kwa urefu wangu sikuwa kitu cha kupotea.

"Na tuna bahati," akaendelea Rula, "tunaye mtaalamu wetu wenyewe. Binti aliyekuwa amepinda kuliko wote. Njoo jukwaani utuonyeshe."

Ndivyo nilivyopanda tena kwenye jukwaa lile lile, nikasimama nimenyooka kama nilivyoapa, mbele ya macho yale yale mia nane. Halafu nikakunja magoti, nikapepea viwiko, nikasema kwaa. Wakasema kwaa. Walisema kwa sauti ya watu wanaokusanya hasira kwa ajili ya baadaye. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi niliingia na shule nzima ikafuata juu yangu.

Malipo yalikuja taratibu. Maji kwenye viatu. Unyoya wa kuku ndani ya kila daftari, hata lile la hesabu nililoapia. Sweta zilirudi, safari hii zikiwa mbichi. Ningeweza kukiri, lakini kukiri kungeniletea barua ya kufukuzwa, nayo ingekuwa na muhuri. Nilijitia moyo kwamba siku wazazi watakapokuja jambo hili litafichwa. Shule zote huficha mambo siku ya wazazi.

Halikufichwa. Lilikuwa namba tatu kwenye ratiba, baada ya wimbo. Na Rula, kwa shukrani, alikuwa amemwalika mgeni rasmi: daktari wa mazoezi wa hospitali ya mji wetu. Nilimwona anashuka kwenye gari na mama yangu, amevaa koti ambalo mifupa ya plastiki hukopeshwa siku za baridi.

Niliongoza. Wasichana mia nne wakavuka uwanja wakipepea, Rula mstari wa mbele, macho amefumba, imani tupu. Wazazi wakapiga makofi ya watu wasiojua wanachopigia. Mjomba hakupiga. Aliomba kuiona kadi. Akaisoma, akagusa muhuri wake mwenyewe kwa kidole gumba, akaniita pembeni kwa kichwa tu. Nilimfahamu tangu nikiwa mtoto, ila uso ule ulikuwa mgeni.

"Mgongo si mahali pa kuchezea," alisema kwa sauti ya chini. "Je, angekuwa na diski ya uti wa mgongo iliyohama?"

"Nilikunjisha magoti kidogo tu, mjomba. Na mengine matatu ni ya kweli."

"Najua. Ndiyo maana unaongea na mimi na siyo na mkuu wa shule." Akatazama uwanjani. "Alikufanya nini?"

Nikamweleza. Rula, vidole vinne, kulabu, sweta. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilipofika kwenye ile ya "nilijua ile rula itakusaidia", kona ya mdomo wake ilicheza, kisha akairudisha mahali pake.

"Kwa hiyo bidii yote ile ilikuwa hii."

"Na afya, mjomba."

"Hm."

Akarudi jukwaani, akaomba kipaza sauti, na mimi nikaanza kufikiria nitawaachia nani vitu vyangu.

"Zoezi ni hili hili," mjomba aliwaambia. "Halina madhara, na nafurahi limewapa raha. Ila mwandishi wa kadi alisahau kipengele kimoja. Wengine wanafanya hatua ishirini. Anayeongoza anafanya sitini. Ishirini na wenzake, arobaini zilizobaki peke yake, mbele, wenzake wakimtazama, ili wajifunze. Na kiongozi habadilishwi mpaka amalize shule."

Uwanja ulipiga makofi ambayo sijawahi kuyasikia. Redio alipiga kwa miguu pia. Mjomba akakiandika kipengele hicho kwenye kadi, akatoa mfukoni muhuri, ambao tangu siku hiyo hautoki mfukoni mwake wala haugusi tena kadi tupu, akaugonga palepale chini ya maneno mapya. Aliponipita kwenda kwenye gari aliniambia kwamba cheti changu cha kuhitimu kimefutwa, na kwamba likizo ijayo nitaanza upya, nikimfundisha yule mzee wa vyuma sambamba, na kila neno atalisikiliza yeye mjomba.

Basi ndivyo hali ilivyo. Hakuna anayeniita Kulabu tena. Naitwa Mama Bata, na sweta zimekoma, kwa sababu watu wakishakuona unatembea hatua arobaini peke yako huku unapepea, hawana haja ya kukuongezea.

Lakini mjomba, pamoja na ujuzi wake wote wa pingili, alisahau jambo moja. Zile ishirini za kwanza, anayehesabu ni mimi. Kila asubuhi Rula anasimama mstari wa mbele, magoti yamekunjwa, viwiko vimeinuliwa, macho yamefumbwa, na hawezi kuinuka mpaka niseme ishirini, kwa kuwa imeandikwa na ina muhuri. Ninahesabu kwa utulivu, kama inavyotakiwa kitabibu. Na kila nikifika kumi na tisa, sijui ni vumbi la uwanjani, hushikwa na kikohozi kirefu.